Chumvi Mara Mbili

Jumapili, 5 Oktoba

Nguo za jikoni nimeziloweka tangu alfajiri. Moshi, vitunguu, mafuta. Maji yamegeuka meusi, nimemwaga, nimeloweka tena. Mgongo unauma. Mkono wa kulia ndio usiseme.

Shughuli ya jana ilikuwa aibu. Naandika mara moja niachane nayo. Pilau ilizidi chumvi. Si ile ya kusema imezidi kidogo tu. Watu walikula matonge mawili wakaanza kuulizia maji. Masinia yalirudi nusu. Yetu sisi! Pilau ambayo watu wa Majengo huifuata kwa pua hata kama hawakualikwa!

Chumvi ni kazi ya Mariamu. Nilimgeukia pale pale, mbele ya wenye harusi. Nikagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, kama ninavyowaita siku zote, lakini jana niligonga kwa nguvu zangu zote. Kisha nikamwambia maneno. Mariamu alifungua kanga kiunoni, akaikunja, akaenda kwao.

Sijutii. Kama si yeye aliyetia chumvi, ni nani? Jini?

Jumatatu, 6 Oktoba

Bi Tatu ameniita. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi chetu cha wapishi wa harusi, kabla mimi sijaolewa. Magoti yalipomkatalia kusimama jikoni, alinikabidhi mwiko. Ni wa mvule, mrefu unanifika kifuani, umeiva kwa mafuta mpaka unang'aa. Kwetu sheria ni moja. Mwiko hulala kwa mkuu wa wapishi. Umelala kwangu nyuma ya mlango tangu Idi.

Nilidhani ananiita kunipa pole. Wapi!

Habari ya kwanza: Mzee Abeid anamwoza binti yake Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, na ametuchagua sisi. Wageni watatoka Mombasa na Lamu. Watu waliozaliwa ndani ya pilau! Nilitaka kuruka. Nikaruka. Bi Tatu akaniambia keti.

Habari ya pili: Mariamu anataka kuacha. Wengine wawili wanafikiria kumfuata. Wanasema kupika na mimi ni kupika juu ya bomu. Basi baada ya harusi ya Abeid wanawake watachagua mwiko ulale kwa nani. "Wasipokutaka," akasema Bi Tatu, "utauleta hapa wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

Habari ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Ameniandikisha mafunzo ya viongozi wa vikundi vya kina mama, hapo ukumbini. Kujifunza utulivu. Mimi!

Nimerudi nyumbani na hasira na furaha kwa pamoja. Lamu! Watu wa Lamu watakula mkono wangu. Mwiko huu siuachii.

Jumanne, 7 Oktoba

Mafunzo. Mwalimu anaitwa Adhiambo, mshauri nasaha, mkazi wa mtaa wa Lucky Summer. Msichana mdogo, sauti ya chini, viatu vya raba. Nilimdharau nilipomwona.

Somo lenyewe: kupumua. Wallahi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, miguu chini, macho tumefumba, tukaambiwa tuangalie pumzi ikiingia na kutoka. Nimepumua miaka arobaini na miwili bila mwalimu na sijakosea hata siku moja.

Nilijaribu hata hivyo. Pumzi ya kwanza nikawaza vitunguu. Ya pili nikawaza Mariamu. Ya tatu nikakuta nagombana na Mariamu kichwani, na nilikuwa nashinda. Mwalimu akasema akili ikitoroka, usiitukane, irudishe tu. Mama mmoja kutoka kikundi cha Kaloleni akaanza kukoroma.

Swali la leo: hasira yako inaanzia wapi mwilini? Wenzangu wakasema kifua, tumbo. Mimi sikujua. Swali la ajabu. Hasira yangu inaanzia kwa watu wengine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Adhiambo si mjinga. Leo alisema kuna watu mwili uko jikoni na akili iko vitani. Nikamwangalia. Nani kamwambia?

Nikamuuliza, hii ni kama khushuu? Sisi tunafundishwa tangu utotoni, ukisimama kwenye sala moyo nao usimame hapo hapo, usiende sokoni. Uso wake ukang'aa. Akasema mimi tayari nina mlango, niingie tu. Nimefurahi kama mtoto aliyesifiwa madrasa.

Lakini pia nimechomwa. Nasali mara tano kwa siku na nusu ya sala zangu naenda sokoni.

Kazi ya nyumbani: chagua jambo moja la kila siku, ulifanye na akili yako yote. Nimechagua kuchambua mchele.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mchele kwenye ungo, nimeketi mlangoni. Punje, punje, jiwe. Punje, chuya, punje. Nilipoteza akili mara kumi, nikairudisha mara kumi. Mara ya kumi na moja nikasikia ua wetu wote: jirani akikuna nazi, redio ya mtu, kasuku wa jirani mwingine, Hamisi, akitukana. Sijawahi kujua kuna utulivu ndani ya kelele za Majengo. Nimependa!

Kisha mume wangu Juma akapita akauliza, "Mbona kimya leo, unaumwa?" Na hapo hapo nikaipata. Masikio! Masikio yalipata moto kabla sijafungua mdomo. Hasira yangu inaanzia masikioni. Niliacha ungo nikamkimbilia kumwambia. "Masikio, Baba Swabra, ni masikio!" Akaniangalia kama mtu aliyeoa upya bila kuulizwa.

Nimecheka mpaka machozi. Miaka yote hii ninayo kengele kichwani na sikujua inalia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Soko la Muthurwa, kuangalia vitunguu mapema. Kijana wa mkokoteni akanisukuma kiunoni na gunia la viazi. "Songa kando mathe, unazuia barabara!"

Masikio. Moto.

Nikasimama. Nikahisi nyayo zangu ndani ya ndara, tope chini yake. Pumzi moja. Nikamwangalia vizuri. Jasho mpaka kope, shingo imekakamaa, mzigo unamzidi. Nikasonga kando. Nikamwambia pole na kazi. Naye akashtuka akasema, "Sawa mamaa, asante."

Basi! Hakuna aliyekufa! Nilitembea sokoni kichwa juu, nimevimba, nilitaka kumwambia kila muuza nyanya. Na vitunguu nimepata vile vyenyewe, vidogo, vyekundu, vikavu. Vya pilau hasa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeharibu.

Tulikuwa na kazi ndogo ya maulidi. Nafula, mdogo wetu kikundini, ndiye wa kukata kachumbari na kuwasha moto. Mluhya, mlokole, anakaa Shauri Moyo, mikono myepesi. Leo alikata vitunguu vinene. Nilihisi masikio. Nilijua kabisa ni masikio. Nikajiambia zuia, na nikafungua mdomo hata hivyo. Mwiko nao, ta! ta! ta! kwenye sufuria. Nikamwambia vitunguu vyake ni vya kulisha ng'ombe wa kwao.

Akalia. Mikono ya kitunguu machoni, akalia zaidi.

Najichukia leo. Pumzi zote zile, mchele wote ule. Bi Tatu akisikia nimekwisha. Mdomo uliponza kichwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilitaka kutoroka mafunzo. Nikaenda. Nikasema mbele ya wote. Niliona hasira inakuja, na bado ilinishinda.

Adhiambo hakunisikitikia. Akauliza, ilikuchukua muda gani kujua umekosea? Nikasema hapo hapo. Na zamani? Nikafikiri. Zamani nilikuwa sijui kabisa. Akasema basi kazi imeanza. Hakuna anayeahidi hutawaka. Utafupisha njia ya kurudi. Na anayeongoza watu asirudi moyoni tu, arudi na kwa yule aliyeumizwa naye.

Kwa hiyo nimetoka ukumbini moja kwa moja hadi Shauri Moyo. Nafula alikuwa anafua. Nikamwambia: Nilikosea. Vitunguu vingekatwa tena, lakini yale maneno ya ng'ombe hayakuwa na kazi. Nisamehe.

Akakausha mikono polepole. "Mama Swabra, leo umeongea na sauti ya chini. Nimeogopa kuliko jana."

Tukacheka wote wawili. Akanipa chai. Nimerudi nyumbani naruka madimbwi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Imebaki wiki moja. Mariamu hajarudi. Bila Mariamu sina mtu wa supu ya pilau, na supu ndiyo pilau. Lakini kwanza siwezi kumwendea kama mtu anayetafuta mfanyakazi. Adhiambo alitupa zoezi: nenda kamsikilize mtu mmoja mpaka amalize. Usijibu. Usijitetee. Ukisikia jibu linakuja mdomoni, rudi kwenye pumzi.

Nimekwenda kwa Mariamu alasiri. Alinifungulia kwa sababu ya adabu tu. Nikasema nimekuja kusikiliza siku ile ya chumvi ilikuwaje.

Nikahesabu pumzi. Kisha akaanza.

Alitia chumvi kwenye supu mapema, kama kawaida, akaenda kuosha mchele. Mimi nikaja nikapiga kelele, "Chumvi iko wapi? Nani ametia chumvi?" Hakuna aliyethubutu kujibu asichokijua. Nafula akaogopa, akadhani haijatiwa, akatia. Mariamu aliporudi akaonja. Akajua.

Akajua! Kabla ya mchele kuingia! Tungechota supu, tungeongeza maji, kwisha habari. Alikuja mpaka hatua chache nyuma yangu aniambie. Mimi nilikuwa nagonga mwiko na kutukana kuni mbichi na aliyezileta. Akanitazama mgongoni. Akarudi. "Nilisema afadhali wageni wanywe maji," akasema, "kuliko mimi kunywa ule mdomo."

Jibu lilikuja mdomoni mara nne. Masikio yaliwaka mpaka nikahisi yanaonekana. Nilirudi kwenye pumzi. Mara ya nne halikuwa jibu tena. Ilikuwa aibu, nzito.

Mimi mkuu wa wapishi sikuonja supu yangu mwenyewe. Nilikuwa nagombana na kuni.

Sikujitetea. Nilimwambia, ile chumvi ya pili nilitia mimi, Mariamu, ila kwa mkono wa Nafula. Na nilikuaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nitakuomba msamaha mbele ya watu. Alinisindikiza mpaka kona. Kwetu kusindikizwa ni jambo.

Nimeumia na nina furaha. Sijui nifanye nini na vyote viwili. Nimechambua kilo nne za mchele ambazo hazikuwa na jiwe hata moja.

Jumanne, 21 Oktoba

Kikao cha wapishi uani kwa Bi Tatu. Mariamu amekuja! Alikaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango, lakini amekuja.

Nikaomba msamaha mbele ya wote. Kwa jina. Bi Tatu akawa anasugua goti, anaangalia paa.

Kisha nikaweka sheria mpya. Kwanza, anayetia kitu sufuriani aseme kwa sauti: nimetia. Pili, atakayeleta habari mbaya asikatizwe. Nafula akanyanyua mkono. "Hata kama ni wewe unataka kukatiza?" Hasa kama ni mimi, nikasema. Wakacheka, ila kicheko cha watu wanaosubiri kuona. Mwenda pole hajikwai, akasema mmoja wao, na akaongeza kuwa Pilipili hajawahi kwenda pole. Ndivyo wanavyoniita nyuma yangu, Pilipili! Nilijua. Wao hawakujua najua. Tukacheka tena, safari hii vizuri.

Bi Tatu akakumbusha kwamba uchaguzi wa mwiko uko pale pale. Huruma haipiki pilau.

Ijumaa, 24 Oktoba

Silali. Nyama imekatwa, bizari imesagwa, nyumba nzima inanukia jira na mdalasini. Mume amehamia kwa kaka yake eti pua imechoka. Kesho masufuria makubwa manne, mafiga uani kwa Mzee Abeid, wageni wa Lamu wamefika, nimewaona kwa macho yangu, bibi mmoja amevaa miwani na ana uso wa mtu aliyeonja kila kitu.

Mawingu mazito upande wa Buruburu. Ee Mola, si kesho.

Moyo unadunda kama siku yangu ya harusi. Hata zaidi. Siku ya harusi yangu sikupika.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika jioni, nikiwa bado na moshi mwilini. Lazima niandike leo leo.

Tulianza kabla jua halijatoka. Kabla ya kuwasha moto nikawaomba tusimame sote, miguu chini, pumzi tatu. Nilidhani watanicheka. Nafula akasema kimoyomoyo sala zake, sisi tukasema bismillahi, moto ukashika kwa kiberiti kimoja. Vitunguu vikaiva rangi ile ile, ya ngozi ya tende. "Nimetia chumvi sufuria ya kwanza!" "Nimetia ya pili!" Ua mzima ulikuwa kama soko la watu wanaopendana. Nikaonja supu zote nne. Tamu. Tamu, tamu!

Kisha mvua.

Haikuanza kidogo kidogo. Ilishuka. Turubai tulikuwa nalo, lakini kuni zilikuwa nje. Kila mtu akakimbia. Kuni ndani, mchele ndani, sufuria ya tatu ikashika moto kuliko nyingine na supu ikapungua. Nikapiga kelele kushinda mvua kwamba iongezwe maji. Tukaendelea. Tukatia mchele. Na hapo ndipo shangazi wa bibi harusi akaingia jikoni na mwavuli, wageni wa pwani wanataka kuwahi safari, chakula kitoke sasa hivi, sisi ni wapishi wa aina gani, kwani hamkuona mawingu?

Masikio.

Mkono wa mwiko ukanyanyuka wenyewe. Naapa, ulinyanyuka kugonga. Nikauona uko juu. Nikahisi nyayo zangu kwenye tope. Nikashusha mwiko. Nikamtazama yule mama. Hofu tupu. Mpwa wake, siku yake, mvua. Nikamwambia, mwanzo ni huu: chai na mahamri yatoke sasa, pilau itafuata, na sitakutolea wali mbichi mbele ya wageni wako. Akapumua. Akaondoka na mahamri.

Nilipogeuka, Nafula alikuwa nyuma yangu. Uso umepauka. Hatua chache nyuma yangu, mahali pale pale aliposimama Mariamu siku ile. Nilijua kabla hajasema. Jikoni kote mikono ilikuwa imesimama. Walikuwa wananitazama mimi, si yeye.

"Mama Swabra. Sufuria ya tatu. Mariamu alikuwa ametia maji, na mimi nikatia tena. Sikusikia kwa kelele za mvua. Mchele ushaingia."

Maji mara mbili, na mchele ndani. Hiyo si pilau tena, ni uji wa nyama. Chakula cha robo ya wageni. Kuokoa ni sasa hivi, si baadaye. Nilihisi yote: masikio, taya, hata tumbo, ambalo huwa halimo. Pumzi moja. Moja tu, hapakuwa na nafasi ya tatu.

"Umefanya vizuri kuniambia," nikasema. "Lete upawa."

Akasimama kama hajaelewa. Kisha akakimbia! Na wote wakakimbia! Moto tukautoa chini ya ile sufuria, tukachota supu juu juu bila kukoroga, upawa baada ya upawa, mpaka maji yakasimama pale yanapotakiwa, kiungo kimoja cha kidole juu ya mchele. Mchele ulikuwa haujapasuka. Tuliwahi! Dakika chache zaidi na tungekuwa tunalia.

Nikataka kufunika. Mariamu akanishika mkono. Mariamu! Mbele ya watu wote!

"Bado. Umechota supu, umechota na chumvi. Onja."

Nikaonja. Kweli. Chapwa, haina maana. "Basi tia," nikasema, "tia mara ya pili."

Akatia, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nimetia chumvi mara mbili, sufuria ya tatu!" Ua mzima ukaangua kicheko. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tukafunika, tukapalia makaa juu, tukangoja. Kule kungoja! Hakuna kufunua, hakuna kuchungulia. Nilisimama na pumzi zangu na mvua ikaisha.

Nilifunua mwenyewe. Punje moja moja. Zimesimama.

Masinia yalirudi matupu. Yule bibi wa Lamu mwenye miwani alikuja mpaka jikoni, akiinua buibui lisiguse tope, akauliza nani kapika. Zamani ningesema mimi kabla hajamaliza swali. Nikawataja: Mariamu wa supu, Nafula wa moto, wote, mmoja mmoja. Akawatazama. Akasema, "Mna mkono." Nafula alilia tena, lakini safari hii hakuwa amekata kitunguu hata kimoja.

Nina furaha ya kupasuka. Kesho uchaguzi. Leo siogopi. Kesho labda.

Jumapili, 26 Oktoba

Asubuhi nimepeleka mwiko kwa Bi Tatu, kwa mikono yangu, bila kungoja wachague. Nimeufuta kwa mafuta ya nazi kwanza. Wanawake wanakutana kwake leo bila mimi.

Bi Tatu aliupokea, akauegemeza ukutani, akanisimulia magoti yake. Sikuuliza kitu. Ilikuwa ngumu kuliko mvua.

Nyuma ya mlango wangu pana nafasi tupu. Ukuta una alama ya mafuta ya urefu wa mwiko. Juma ameiona, ametengeneza chai.

Nimechambua mchele. Jua la baada ya mvua. Kasuku wa Hamisi kimya, ajabu.

Baada ya alasiri amekuja Mariamu. Peke yake. Amebeba kitu kirefu kimefungwa kwenye kanga yake, ile aliyoikunja siku ile akaenda kwao. Hakuketi. Alifungua kanga, akanionyesha mwiko karibu na shingo yake.

"Una ufa hapa. Ni siku ile ya chumvi. Wewe hukuuona."

Nikagusa. Kweli, ufa mwembamba, unaingia ukucha.

"Usigonge tena," akasema. "Ukituhitaji, tuite kwa majina. Utavunjika huu, na hatuna mwingine."

Hakuna aliyewahi kusema nami hivyo kati ya wapishi wangu. Nilisikiliza mpaka akamaliza. Masikio yalikuwa baridi.

Nikasema nimesikia, Mariamu.

Akausimamisha nyuma ya mlango, juu ya ile alama. Kisha akaketi, akavuta ungo upande wake, tukachambua.